Niliifungia Sauti ya Shemeji Kabatini

Sehemu ya Sita

Kwa aliyelikosa gazeti la wiki jana, nitarudia kwa kifupi, tena kifupi kweli, maana kulisimulia jambo hili mara mbili kunanikereketa roho.

Mimi ndiye yule mtunza santuri wa redio. Kazi niliachishwa, mke akaniacha, na mwaka wa nne sasa naishi chumba cha nyuma kwa mdogo wangu wa kike. Mumewe, shemeji yangu, ni fundi makochi. Hajawahi hata siku moja kuniuliza nitahama lini. Miezi miwili iliyopita madaktari walimtoa uvimbe kooni, na sauti ikaenda nao. Haongei tena, wala hataongea. Anaandika kwa chaki kwenye kipande cha ubao, na tangu atoke hospitali hajatia mguu karakanani.

Binti yao, mpwa wangu, akaja kusikia ukubwani kwamba baba yake aliwahi kurekodi wimbo kabla yeye hajazaliwa. Akaupindua mji mzima. Kampuni ya muziki ilishakufa, jengo lake siku hizi linauza vigae, kanda zote zilitupwa. Ila mzee mmoja aliyekuwa karani wao akamwambia kwamba wimbo ule haukufika sokoni, lakini zilitolewa santuri kumi na mbili za promosheni. Kumi na moja hajui zilikoishia. Namba moja ilikwenda redio kubwa.

Wiki jana nilimwacha amesimama mlangoni kwangu, ananiuliza, "Mjomba, si wewe uliyekuwa unazipokea pale redioni?"

Nikaushikilia mlango.

"Zilikuwa zinakuja nyingi, mwanangu. Kwa wiki magunia."

"Lakini ulikuwa unazikusanya. Mama amesema."

Mama mtu alikuwa nyuma yake, ameshika taulo la mgonjwa. "Kaka, usituzungushe. Santuri zako unazijua moja moja, hata ukiamshwa usingizini."

"Nitatafuta."

"Tukusaidie."

"Chumbani kwangu haingii mtu. Mnajua."

Wanajua. Ufunguo naning'iniza shingoni na ninaoga nao. Mpwa wangu akasema kwa upole, na huo upole ndio ulionimaliza: "Mjomba, mimi sijawahi kumsikia baba akiimba. Hata kunibembeleza hakuimba. Nikiikosa hiyo santuri, basi tena."

Wakaondoka. Nikafunga mlango nikakaa kitandani.

Sasa msomaji, kaa vizuri nikwambie nililokuficha wiki tano hizi zote.

Santuri ya promosheni si santuri ya dukani. Kampuni ikirekodi wimbo mpya, ilikuwa inatoa nakala chache kwanza, inazigawa bure redioni na kwenye kumbi za muziki. Jaladani zinapigwa muhuri, SI YA KUUZA, na namba ya nakala. Katikati ya santuri yenyewe kuna karatasi nyeupe tupu, haina jina, ina namba ya kalamu tu. Na ndani ya bahasha ya nje iliyoletea santuri kuna kadi. Mtunza santuri anasikiliza, anajaza kadi, anairudisha kampuni: wimbo umependwa au haukupendwa, tuupige au tuuache. Kadi ikirudi nzuri, kampuni inatoa santuri elfu kadhaa. Kadi ikirudi mbaya, mwanamuziki anaambiwa ahsante, nenda salama. Na kadi ya redio yetu ilikuwa na uzito kuliko nyingine zote zikiwekwa pamoja.

Mtunza santuri alikuwa ni mimi.

Na mimi nilikuwa na ugonjwa. Sisi tunaokusanya santuri hizi tuna neno letu. Santuri ambayo nailoni yake haijachanwa tunaiita mwali. Mwali haguswi. Ukimfungua tu, thamani yake kwetu imekwisha, hata kama umempiga mara moja na kumrudisha. Na mwali mwenye namba moja ndiyo usiseme. Watu wa chama chetu walikuwa wanavuka mipaka kuja kumtazama tu, wanamshika kwa leso, wanashusha pumzi, wanarudi kwao wameridhika. Mkisema ni wendawazimu sina la kujibu.

Namba moja zote zilipitia mikononi mwangu. Unadhani nilifanyaje?

Zikija nakala mbili, moja naipeleka studio, ya pili inaondoka na mimi chini ya koti. Ikija moja peke yake, inaondoka na mimi vilevile. Na kadi? Kadi najaza. Naangalia jalada, naangalia jina, naandika. Miaka kumi na tisa nimeandika hivyo, na hakuna hata siku moja niliyoulizwa.

Santuri ya shemeji ilikuja moja peke yake. Jalada la kijivu, halina picha, jina la kijana ambaye simjui. Nikaandika kwenye kadi: "Sauti nyepesi, haina mvuto. Wasikilizaji hawakuitikia." Nakumbuka kila neno. Nakumbuka hata kwamba nilikuwa na njaa na nilitaka niwahi kutoka.

Miaka miwili baadaye mdogo wangu akatuletea mchumba. Kijana fundi makochi, mpole, mikono mikubwa. Baba yetu akamuuliza jina lake kamili. Alipolitaja, nilitoka nje nikajifanya nakohoa.

Nimekohoa miaka ishirini na sita.

Basi, kesho yake asubuhi niliamka nimeshapata mpango. Nikaitoa santuri kabatini, namba moja, nailoni inang'aa kama imetoka kiwandani juzi. Hapo ndipo palipokuwa na matata. Nikiitoa vile ilivyo, hata mtoto atajua haijawahi kufunguliwa. Na kama haijafunguliwa, nani aliyeisikiliza? Na kama hakuna aliyeisikiliza, ile kadi ilijazwaje? Shemeji si mjinga. Ndiyo maana nilishika wembe.

Usinicheke, ila mkono ulikataa. Nilikuwa nimeua kazi ya mtu bila mkono kutetemeka, leo nashindwa kukata nailoni. Nikafumba macho, nikachana. Harufu ya plastiki mpya ikanijia usoni. Nikafuta machozi yangu, nikaanza kazi ya kuizeesha: nikakunjakunja pembe za jalada, nikalisugua na vumbi la dirishani, nikaitoa santuri na kuipapasa kwa vidole kila upande mpaka ikachafuka vizuri. Kadi haikuwepo, kadi nilishaituma zamani zile, maana ilikaa kwenye bahasha, nje ya nailoni. Nailoni nikaisokomeza mfukoni.

Utauliza mbona sikuipiga kwanza nikasikia. Ningeipigia wapi? Mtu ana santuri mia nne na hana gramafoni. Sikuwahi kuhitaji.

Nilipotokea sebuleni nayo mkononi, mdogo wangu aliweka kikombe chini akaanza kulia papo hapo. Mpwa wangu alinirukia shingoni. Shemeji alikuwa amekaa kwenye kochi lake, amejifunga leso kooni, ndevu hazijanyolewa wiki tatu. Akanyoosha mikono yote miwili. Nikampa. Akalilaza jalada mapajani, akawa analipitisha kiganja taratibu, kama anavyofanya kwenye ngozi ya kochi kabla hajaikata.

Ningeishia hapo. Walahi ningeishia hapo ningekuwa salama mpaka leo. Lakini mdomo wangu haujawahi kujua pa kusimama.

"Shemeji," nikasema, "sikukwambia tu. Santuri hii mimi niliipenda siku ile ile ilipofika. Wakubwa ndio waliokataa. Mimi nilikuwa naipiga nyumbani kwangu kila Jumapili asubuhi."

Mdogo wangu akafuta macho. "Kaka. Na hukusema miaka yote?"

"Niliona nitamtonesha kidonda."

Shemeji akachukua ubao akaandika, UNAUKUMBUKA?

"Neno kwa neno," nikasema.

Yule mtu akanishika mkono, akaukandamiza kifuani kwake. Nilisikia moyo wake unavyodunda. Kisha akasimama mwenyewe bila kushikwa, akaenda kunyoa ndevu. Mdogo wangu alinong'ona kwamba tangu hospitali hajamwona akijitazama kwenye kioo. Mimi nilikuwa natabasamu tu.

"Unahusu nini, Mjomba?" mpwa wangu akaniuliza.

"Nini?"

"Wimbo."

"Ah, wewe subiri usikie mwenyewe. Nikikwambia nitakuharibia utamu."

Saa tisa alasiri akaja fundi redio wa mtaani na gramafoni yake begani. Mtu wa maneno mengi na mkono mwepesi. Akaiweka mezani, akaunga nyaya, akapuliza sindano. Shemeji alikuwa amevaa shati la kutokea. Mkewe alikaa upande huu, binti upande ule, kila mmoja amemshika mkono mmoja. Mimi nilichagua kusimama karibu na mlango, nadhani mnaelewa.

"Namba moja," fundi akasema akiisoma ile karatasi nyeupe. "Kitu cha makumbusho hiki. Haya, tumsikie mzee."

Sindano ikashuka. Gitaa likaanza, ngoma zikafuata, muziki mtamu kweli.

Kisha akaimba mwanamke.

Tukadhani ni mwitikiaji, tukangoja. Akamaliza ubeti wa kwanza, akaingia wa pili. Mpwa wangu akamtazama baba yake. Shemeji alikuwa ametoa macho kwenye gramafoni, hapepesi.

"Ni kasi," mpwa wangu akasema haraka. "Fundi, kasi si yenyewe, inakimbia. Punguza."

"Inaweza kuwa," fundi akasema, akageuza kitufe.

Muziki ukavutika, ukawa mzito, na ile sauti ikashuka mpaka chini. Ikawa sauti ya mwanamume, nene, inajikokota. Mdogo wangu akaziba mdomo kwa viganja. "Ndiye," akasema. "Jamani ndiye. Mume wangu huyo."

Nami nikaidaka hapo hapo, maana nilikuwa nazama. "Ndiyo yenyewe. Ndivyo nilivyokuwa naisikia Jumapili."

Shemeji akatikisa kichwa.

Akakitikisa tena, polepole, akimtazama mkewe kwa huruma. Akamwonyesha fundi ishara ya kidole: rudisha. Fundi akarudisha kasi, na yule mwanamke akaendelea kuimba kwa raha zake mpaka mwisho. Fundi redio, mtu wa maneno mengi, alikuwa anakuna kidevu na kuangalia nyaya zake.

Shemeji akavuta ubao. Chaki ilivunjika, akaandika kwa kipande kilichobaki.

HUYU TULIREKODI NAYE SIKU MOJA. WALIOFUNGA MIZIGO WALICHANGANYA.

Akafuta kwa mkono wa shati lake zuri. Akaandika tena, safari hii akaugeuzia ubao upande wangu.

ULISEMA NENO KWA NENO.

Nilitamani ardhi ipasuke. Nilifungua mdomo, na ule mdomo usiojua kusimama, siku hiyo ukasimama.

"Mjomba," mpwa wangu akasema, "Jumapili ulikuwa unapiga nini?"

"Mwanangu, umri huu kumbukumbu..."

"Mwanamke na mwanamume, Mjomba. Hilo nalo linahitaji kumbukumbu?"

Fundi redio akaanza kukunja waya. "Mimi nitapita baadaye kuchukua mashine yangu," akasema, na kabla hajamaliza alishafika nje.

Mdogo wangu hakuwa ananiangalia. Alikuwa anawaza kwa sauti. "Kama walichanganya, basi ya kwake imo kwenye jalada la huyo mwanamke. Zilifungwa siku moja, zikaletwa redio moja." Ndipo akaniinulia uso. "Kaka. Ya huyo mwanamke unayo?"

Ninayo. Namba moja vilevile. Tena yule ninamkumbuka vizuri zaidi, kwa sababu jalada lake lilikuwa na picha, dada mzuri anacheka, na kwenye kadi yake niliandika "Sauti ya dhahabu, msimwachie aondoke." Hawakumwachia. Mnamjua nyote, sitamtaja. Na mimi, kama ningechana nailoni moja tu siku ile zilipofika, ningesikia mwanamke mahali pa mwanamume, ningezibadilisha hizo santuri mbili mezani pangu na kuipigia kampuni simu. Kazi ya dakika tano. Dakika tano, na fundi makochi huyu angekuwa mtu mwingine kabisa.

Hilo ndilo lililonipiga pale mlangoni, msomaji. Likanipiga kuliko aibu.

"Ninayo," nikasema.

Mpwa wangu akaja mbele yangu akanyoosha kiganja. Hakusema ufunguo. Nikauvua shingoni nikampa, na miaka minne yote ya kuoga nao ikaishia hapo.

Tulimsikia akifungua mlango wa chumba changu. Tukamsikia akivuta makabati, moja, la pili, la tatu. Mdogo wangu alikuwa anamtazama mumewe, mumewe anaitazama gramafoni, mimi natazama vidole vya miguu yangu.

Aliporudi alikuwa ameshika santuri moja, yule dada anacheka jaladani, nailoni inametameta. Lakini hakumpa baba yake. Alisimama katikati ya chumba.

"Mama," akasema, "hakuna hata moja iliyofunguliwa."

"Unasema nini?"

"Zote. Makabati yote. Zimefungwa kama zilivyotoka kiwandani. Mjomba hajawahi kusikiliza hata moja."

Mdogo wangu alinigeukia. Mimi nimemlea yule, nimemfundisha kufunga kamba za viatu. Sijawahi kumwona akinitazama kwa macho yale.

"Kaka, kumbe kazi yako ilikuwa nini?"

Nikasema. Sijui nilipata wapi nguvu, labda nilichoka kukohoa. Nilisema yote nikiwa nimesimama, kuhusu mwali, kuhusu njaa ya siku ile, kuhusu koti. Nilisema, "Kadi ya shemeji niliijaza mimi. Sikuisikia. Niliandika tu." Niliwasomea hata maneno yenyewe, yale ya sauti nyepesi, maana nilijua wangeyauliza. Nilipomaliza mpwa wangu alikuwa analia bila kutoa sauti na mama yake amekaa, mikono mapajani.

Shemeji akasimama.

Nilidhani atanipiga, na Mungu anisamehe, nilitamani anipige. Ana mikono ya kazi, ningelala chini pale pale, tukamalizana. Hakunipiga. Alichukua santuri kutoka kwa binti yake, akaigeuza nyuma, akaigeuza mbele, akapitisha ukucha kwenye mshono wa nailoni bila kuichana. Gramafoni ilikuwa pale mezani, imewaka, kitaa chake chekundu kinaonekana. Ilikuwa ni hatua mbili tu.

Akaipita.

Akanipita na mimi bila kunigusa hata bega. Akatoka nje na ile santuri kwapani, akakatisha uani mpaka karakanani. Alihangaika kidogo na komeo lililoshika kutu. Kisha akaingia, na tukasikia komeo la ndani likifungwa.

"Baba," mpwa wangu akaita, akakimbia hadi mlangoni kule. "Baba, ni moja tu hiyo. Hakuna nyingine duniani. Baba, fungua."

Ndani hakuna gramafoni. Kuna mbao, sponji, misumari na vifaa vyake. Mtu hana cha kuipigia santuri humo ndani, nilijua hivyo, na nilijua binti yake naye anajua, maana alianza kuupiga mlango kwa viganja vyote viwili.

Ndipo tukasikia nyundo. Iligonga mara moja, kwa nguvu, kwenye kitu kigumu. Halafu ikanyamaza.

Mpwa wangu akaacha kupiga mlango. Mdogo wangu akatoka sebuleni taratibu, akaja kusimama kando yangu pale kizingitini, tukawa wote wawili tunautazama ule mlango uliofungwa.

"Nenda wewe ukabishe," akaniambia. "Na safari hii, kaka, akikujibu umsikilize."